Gramu Ghali: Bunduki Nyepesi za Masafa Marefu Zinauza Nini?

Katika duka la silaha Marekani, Tikka T3x Lite, bunduki ya kuwindia inayotengenezwa na kiwanda cha Sako mjini Riihimäki, Finland, huuzwa chini ya dola 1,000. Uzito wake ni kilo 2.9 hivi. Hatua chache pembeni utaikuta Weatherby Backcountry Ti, yenye mtambo wa titani na kitako cha nyuzi za kaboni. Hiyo ina kilo 2.2 au zaidi kidogo, na bei yake ni kati ya dola 3,000 na 4,000. Zote mbili zina shabaha nzuri, na zote zinapatikana kwa risasi aina ileile. Anayechukua ya pili analipa dola 3 hadi 4 na ushei kwa kila gramu aliyoipunguza begani.

Wapo wanaoona hiyo ni bei ya haki. Mnunuzi halisi wa bunduki hii ni mtu anayekwea milima ya Alaska kumfuata kondoo mwitu wa Dall, au anayemsaka elki, yule kulungu mkubwa wa Colorado na Wyoming, mgongoni akiwa na hema na chakula cha wiki nzima. Akifanikiwa, anashuka na nyama kwa mafungu, safari baada ya safari. Sheria ya Alaska inamtaka Mmarekani asiye mkazi wa jimbo hilo awinde kondoo huyo akiwa na mwongozaji mwenye leseni au ndugu wa karibu anayeishi hukohuko, na safari ya kuongozwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa mtu wa bajeti hiyo, bunduki ya dola 4,000 haimkoseshi usingizi. Lakini viwanda haviwezi kuishi kwa wateja wachache wa namna hiyo. Vinaishi kwa wengi wanaotamani kufanana nao.

Biashara yenyewe si ya jana. Katika miaka ya 1980, Melvin Forbes wa West Virginia alikuwa tayari anauza bunduki nyepesi kupitia kampuni yake ya Ultra Light Arms, akiunda mtambo mdogo na kitako cha mchanganyiko wa nyuzi badala ya mbao. Mwaka 1995 ikaanzishwa Christensen Arms huko Utah. Mwanzilishi wake, Roland Christensen, ni mhandisi aliyekuwa amezoea kutumia nyuzi za kaboni katika miguu ya bandia, naye akaziviringisha kwenye mtutu wa bunduki. Leo Proof Research wapo Columbia Falls, Montana. Gunwerks wapo Cody, Wyoming. Seekins wapo Lewiston, Idaho. Weatherby, kampuni iliyozaliwa California mwaka 1945, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inahamia Sheridan, Wyoming, jimbo lisilotoza kodi ya mapato na lililoikaribisha kwa vivutio. Ukitazama ramani utaona biashara hii imejipanga kando ya milima ya Rocky, karibu na mteja, ambako picha ya tangazo inapigwa nyuma ya kiwanda.

Upande wa pili wa soko, ule wa bunduki nyingi za bei ya chini, faida ni nyembamba. Remington, ambao Model 700 yao ya mwaka 1962 ndiyo iliyowafundisha Wamarekani wengi kulenga mbali, walifilisika mwaka 2018, kisha tena mwaka 2020, na mali zao zikauzwa vipande vipande. Wengine walijifunza kwamba kuuza bunduki moja ya dola 4,000 kuna unafuu kuliko kuuza sita za dola 600. Hapo ndipo kaboni ilipopata umaarufu wake.

Na hapa mnunuzi afungue macho. Mtutu wa kaboni una bomba la chuma cha pua lililochongwa jembamba, kisha likazungushiwa nyuzi za kaboni na gundi ngumu hadi likanenepa tena. Mtutu huo ni mwepesi ukiulinganisha na mtutu wa chuma wa unene uleule. Ukiulinganisha na mtutu mwembamba wa chuma, ule ambao wawindaji wamekuwa wakiubeba miaka yote, mara nyingi hakuna kilichopungua, na wakati mwingine uzito umeongezeka. Kimber Mountain Ascent ina kilo 2.2 bila uzi wa kaboni hata mmoja kwenye mtutu: ni chuma kilichochongwa mifereji, na bei yake imekuwa karibu dola 2,000. Kinachonunuliwa kwenye kaboni ni ugumu, mtutu mnene usiotikisika sana, na, tuseme ukweli, sura. Mtutu mtupu wa aina hii hufikia dola 900 hivi kabla fundi hajaugusa. Sisemi ni ulaghai. Nasema tangazo linaposifia wepesi wa mtutu, muulize muuzaji: mwepesi kuliko upi?

Tatizo kubwa zaidi limo katika jina lenyewe la bidhaa. Nyepesi na masafa marefu ni mambo mawili yanayovutana. Bunduki ikifyatuliwa, msukumo wa risasi unabaki uleule. Kinachobadilika ni mwili unaoupokea. Ukiipunguza bunduki iliyokamilika kutoka kilo 4 hadi kilo 3, nishati ya teke lake begani inapanda kwa theluthi moja. Teke kubwa humfanya mpigaji afumbe jicho na kukaza mkono kabla ya wakati, na kosa dogo la mkono kwenye mita 100 linakuwa kubwa mara tano kwenye mita 500. Bunduki nzito hutulia juu ya mfuko. Nyepesi hucheza na mapigo ya moyo. Ndiyo maana washindani wa kulenga mbali hutumia bunduki za kilo 8 na zaidi, wala hawaoni haya.

Viwanda vinajibu kwa risasi mpya. Hornady wa Nebraska walileta 6.5 Creedmoor mwaka 2007, ya teke la upole na risasi ndefu inayopenya upepo, nayo ikashika soko. Kisha zikaja 6.5 PRC na, mwaka 2022, 7mm PRC, zenye kasi zaidi, teke zaidi na bei zaidi. Risasi nzuri za kuwindia za jamii hii huuzwa dola 2 hadi 4 kila moja. Mtutu wa risasi za kasi kubwa huanza kuchoka baada ya kupigwa mara 1,000 hadi 1,500. Wa Creedmoor hudumu takribani maradufu. Kwa kiwanda hayo ni mapato yanayojirudia. Soko la risasi lenyewe ni kubwa kiasi kwamba kampuni ya Kicheki ya CSG ilitoa zaidi ya dola bilioni 2 mwaka 2024 kununua kundi lenye majina ya risasi kama Federal na Remington.

Sasa tupige hesabu ambayo wauzaji hawaipendi. Karibu kila bunduki ya daraja hili huja na dhamana ya kwamba risasi 3 zitaangukia ndani ya dakika moja ya pembe, yaani eneo la sentimita 3 hivi kwenye mita 100. Risasi 3 ni chache mno. Kwa kanuni za takwimu, bunduki ileile ikipiga 10, eneo litapanuka kwa wastani kama mara 1.6. Hata hivyo, tuchukue kwamba dhamana ni ya kweli: kwenye mita 500 ni sentimita 14.5. Mapafu ya kulungu wa kawaida yana upana wa sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo bunduki inatosha. Tatizo ni upepo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma risasi ya Creedmoor karibu nusu mita kwenye umbali huo. Mwindaji akikosea kukadiria kwa nusu tu, amemkosa mnyama au, vibaya zaidi, amemjeruhi. Na risasi hukaa hewani zaidi ya nusu sekunde, muda wa mnyama kupiga hatua. Bunduki ya dola 4,000 hairekebishi lolote kati ya hayo. Risasi 300 za mazoezi, ambazo ni dola 600 hadi 1,200, zinarekebisha makadirio ya upepo.

Kuna pia vitu ambavyo bei ya rafuni haivitaji. Darubini inayostahili bunduki hii itakula dola 1,000 au zaidi, na uzito wa gramu 500 hadi 900. Ongeza pete, mkanda, miguu miwili ya kuegemea na risasi nne, na zile kilo 2.2 zimepita 3. Nimewaona watu wakilipia titani dukani kisha wakaifunga juu yake darubini yenye uzito wa tofali. Kizuia sauti nacho kimekuwa cha kawaida, kwa kuwa kinapunguza teke. Ushuru wake wa dola 200 uliowekwa na sheria ya mwaka 1934 ulifutwa kuanzia Januari 1, 2026, na viwanda vimefurahi. Lakini kizuia sauti nacho kina uzito wake, na kipo mdomoni mwa mtutu, mahali pabaya kuliko pote.

Ndani ya bei ya bunduki kuna pia kodi moja ambayo hata wawindaji huitetea. Chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, watengenezaji hulipa asilimia 11 ya bei yao ya kuuzia bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo huenda kwenye idara za wanyamapori za majimbo.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu ni nyingine kabisa. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mjadala huu hauna soko huko. Nchini Tanzania, mwindaji wa kitalii huja kupitia kampuni yenye kitalu, chini ya usimamizi wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, akiwa na mwindaji bingwa ubavuni. Nyati hupigwa akiwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, kwa risasi ya .375 ambayo Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na hapo uzito wa bunduki ni rafiki, si adui. Tandala na kongoni hawahitaji mita 500 kwa mtu anayejua kunyatia. Anayekuja na bunduki ya milimani atalazimika kuleta au kukodi nyingine kwa ajili ya nyati. Raia naye hawezi kuagiza tu kwa sababu amependa picha: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka apate kwanza leseni.

Hukumu yangu, basi. Kama unapanda milima kwa miguu kila msimu, unapiga mazoezi mwaka mzima, na mwili wako umeshapungua kilo ulizotakiwa kupunguza, nunua, na uchague ile yenye kitako chepesi kabla ya ile yenye mtutu wa kaboni, kwa sababu kwenye kitako ndiko gramu zinakopatikana kwa bei nafuu. Kama unawinda kutoka kwenye gari, kwenye kibanda cha shambani au katika pori la miombo, chukua ya dola 1,000, uweke dola 1,000 nyingine kwenye darubini, na zinazobaki uzimalize kwa risasi za mazoezi kwenye siku zenye upepo.