Mshubiri na Chungu Chake

Yeyote ashukaye kutoka Butembo kwenda Kasindi huona jinsi mimea inavyobadilika njiani. Butembo, palipo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, pana baridi, mvua nyingi na udongo mzito. Kasindi ni bonde la joto, kati ya milima ya Ruwenzori na Ziwa Edward, na mvua yake ni haba. Katika nyika ya huko husimama euforbia, mti ambao wataalamu waliuita kwa Kilatini candelabrum, maana yake kinara cha mishumaa, hawakukosea. Mti huo, kama mshubiri tuupandao vyunguni, hujiwekea akiba ya maji mwilini mwake. Mchana mshubiri hufunga vitundu vya majani yake, na usiku huvifungua upate hewa.

Mama yetu mzazi alipofariki, tulichukua mshubiri uliokuwa mlangoni pake Kasindi, tukaupanda Butembo katika kopo lisilotobolewa, kwa udongo mweusi wa bustani ya maharagwe, tukaunywesha kila asubuhi. Baada ya wiki chache majani ya chini yakalainika kama ndizi iliyoiva mno, na shina likanuka. Kilichookoka ni kichipukizi kimoja tu cha pembeni.

Mmea wa namna hii huhamishwa mizizi inapochungulia katika tundu la chungu, au maji yanapotuama juu ya udongo. Kwa kawaida kila miaka miwili au mitatu. Kwetu wakati mwema ni mwisho wa Februari, kabla mvua za Machi hazijashika. Lakini ukianza kuoza, usingoje mwezi wowote: uhamishe leo hii.

Siku chache kabla ya kuuhamisha, acha kuunywesha. Laza chungu, kigonge ubavuni, utoe mmea kwa kushika shina. Kung'uta udongo wa zamani, ukate kwa kisu safi mizizi yote iliyooza. Kisha, na hapa ndipo wengi wetu hukosa subira, uache kivulini bila udongo siku tatu au nne, hata majeraha yakauke. Chungu kipya kiipite mizizi kwa vidole viwili tu, kwa maana kilicho kikubwa mno hushika maji yasiyonywewa. Kopo la maziwa latosha, mradi litobolewe chini kwa msumari. Changanya nusu udongo wa shamba na nusu mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa. Panda kwa kina kile kile cha kwanza, wala usiunyweshe kabla ya wiki moja kupita. Baadaye upe maji udongo ukikauka hata ndani. Wakaao Butembo wauweke barazani, mvua isiufikie.

Neno moja kwa wanafunzi wapendao kukata matawi ya euforbia. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kudhuru kuona. Ikitokea hivyo, osheni jicho mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda wa robo saa au zaidi, mkimbilie kituo cha afya. Kazi hiyo waachieni watu wazima.

Kile kichipukizi cha mama kimekuwa mmea kamili, nao umezaa vinne. Kimoja tumekirudisha Kasindi kwa dada yetu, katika kopo lenye matundu sita.