Mteja wa Kamakis Anakutafuta kwa Simu: Chagua Mahali Pamoja pa Kuonekana

Ijumaa jioni, gari linatoka Utawala kwa barabara ya Eastern Bypass kuelekea Ruiru. Ndani mna watu wanne wenye njaa, na mmoja wao ameshika simu. Anaandika "nyama choma Kamakis". Kabla ya kilomita mbili kwisha wameshakubaliana watakula wapi. Watapita majiko mengi, moshi wa mbuzi ukiwaita kutoka pande zote mbili za barabara, lakini watasimama pale simu ilipowaelekeza.

Wafanyabiashara wetu wengi wanajua kwamba mitandao inaleta wateja. Kinachowaumiza ni kutapanya nguvu. Mwenye hoteli ndogo anafungua kurasa za Facebook, Instagram, TikTok na X katika wiki moja, anamlipa kijana amchoree bango, kisha anatoa shilingi 3,000 kulipia tangazo ambalo linaonekana hadi Kisumu na Mandera. Mwezi ukiisha amepata wafuasi, na meza za Jumanne bado ni tupu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu. Hoteli ya meza kumi haihitaji hata asilimia moja yao. Inahitaji kujua ni akina nani hasa wanaokula pale, wanatoka wapi, na wanaamua saa ngapi.

Kwa mwenye nyama choma jibu ni rahisi: wateja wake wengi wako njiani, na wanaamua wakiwa ndani ya gari. Kwa hivyo aanze na ramani ya Google kabla ya mtandao mwingine wowote. Kusajili biashara pale ni bure. Unaweka jina, saa za kufungua na kufunga, nambari ya simu inayopokelewa, na picha ulizopiga mwenyewe za jiko, meza na maegesho. Google itataka uthibitishe kwamba biashara ipo, mara nyingi kwa video fupi ya mahali penyewe. Akikupigia mtu akisema anatoka Google na anataka ada ili jina lako lisiondolewe kwenye ramani, kata simu.

Alama ya mahali iwekwe kwenye lango lako kamili. Eastern Bypass sasa ina njia mbili zilizotenganishwa, na dereva aliyekupita hawezi kugeuka popote apendapo. Andika wazi kama uko upande wa magari yanayoelekea Ruiru au yale yanayoelekea Utawala. Kosa hilo dogo linapeleka mteja kwa jirani yako. Kisha soma maoni ya wateja na uyajibu, hasa yale machungu. Aliyeandika kwamba alingoja nyama saa mbili anasomwa na kila anayekutafuta baada yake. Ukimjibu kwa adabu na kueleza ulichorekebisha, hao wengine wataona kwamba kuna mtu anayesikiliza. Usinunue maoni ya sifa. Wasomaji huyatambua, na Google huyafuta.

Fundi wa vitanda na makochi kando ya barabara ana mteja wa aina nyingine. Kitanda hakinunuliwi kwa njaa ya Ijumaa. Mtu huona, huuliza bei, huenda akapima chumba, hushauriana na mwenzake, hungoja mshahara. Huyu fundi anafaidika zaidi na WhatsApp Business, programu ya bure yenye katalogi ambapo kila kitanda kina picha yake, vipimo, aina ya mbao na bei. Ndiyo, bei. Najua wengi huogopa kuionyesha kwa sababu ya washindani, lakini washindani hao wako mita hamsini kutoka kwako na wanaijua tayari. Anayeizunguka bei kwa kuandika "njoo inbox" anachosha tu mnunuzi.

Na mama mboga au muuza gesi katikati ya maghorofa? Ramani si kazi yake. Wateja wake wanaishi hatua mia mbili kutoka kibandani. Status ya WhatsApp ya saa kumi na moja jioni, yenye picha ya sukuma iliyokatwa na neno kwamba analeta hadi mlangoni, inamtosha.

Faida nyingine ya orodha ya wateja inahusu wale wanaofanya kazi kwenye hifadhi ya barabara. Hao wanajua kwamba siku yoyote wanaweza kutakiwa kuhama. Kibanda kikiondoka, nambari za wateja waliokubali kupata habari zako hazibomolewi, na anwani kwenye ramani inaweza kubadilishwa siku hiyo hiyo.

Ukishaona mahali pamoja panafanya kazi, ndipo ulipie tangazo. Facebook na Instagram zinakuruhusu kuchagua eneo na umbali, kwa mfano Ruiru na kilomita chache kuizunguka, pamoja na siku ambazo tangazo litaonekana. Weka daftari kaunta na umuulize kila mteja mpya alikujuaje. Tuseme ulitumia shilingi 3,000, wakaja wateja sita kwa sababu ya tangazo, na kila mmoja akakuachia faida ya shilingi 400. Umepata 2,400, tangazo limekula 600 zako. Lakini ikiwa wawili kati yao walirudi mwezi huo huo wakaacha faida ile ile, umebaki na 200 mkononi. Bila daftari hungejua lipi kati ya hayo limetokea.

Jambo la mwisho linawahusu sana wenye hoteli na baa, kwa kuwa wengi hupenda kupiga picha za wateja wakifurahia na kuziweka mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia picha yake kutangaza biashara. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Omba ruhusa kwanza, au piga picha ya nyama. Hali ni hiyo hiyo kwa nambari za simu: mtu aliyekulipa kwa M-Pesa hajakupa ruhusa ya kumtumia matangazo. Muulize, na akikubali andika kwamba alikubali.

Biashara yenye wafanyakazi chini ya kumi na mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka kwa kawaida haidaiwi kujisajili na ofisi hiyo. Hoteli na biashara nyingine za ukarimu hazimo katika msamaha huo, hata zikiwa ndogo. Usajili unafanywa kupitia tovuti ya ofisi ya Kamishna, odpc.go.ke.