Mvua ya mtaa wako, ipime mwenyewe

Umewahi kutoka tauni jua likiwaka, kufika mtaani ukapokelewa na matope? Nairobi ndivyo ilivyo. Mvua inaweza kumwagika Kasarani, Embakasi pakabaki pakavu. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa hukupa picha ya kaunti nzima, si ya paa lenu. Na kwa anayeishi kando ya mto, kama wakazi wa Mathare waliokumbwa na mafuriko ya 2024, tofauti hiyo si mchezo.

Basi jiundie kituo chako. Si lazima uwe injinia.

Tafuta bodi mbili za ESP32, ndogo kama kiberiti, na kihisi cha BME280 kinachopima joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Kagua kabla ya kulipa: BMP280 hufanana nacho sana, lakini hakipimi unyevu. Bodi moja iweke nje, nyingine ndani. Kwa mfumo wa ESP-NOW zinaongea zenyewe, bila rauta wala bando. Ile ya nje ipange iamke kila dakika 10, itume vipimo, kisha ilale. Hapo betri yenye sola ndogo inatosha.

Kihisi usikianike juani wala usikigandishe kwenye mabati, kitakudanganya. Kiweke kivulini, ndani ya kijumba cheupe kinachopitisha hewa. Kanieneo ikisoma 820 hivi badala ya 1013 ya usawa wa bahari, usidhani kimeharibika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu.

Kwa mvua, tumia kipimamvua chenye vikombe viwili vinavyobembea. Kimoja kikijaa kinapinduka, sumaku inapita kwenye swichi, na bodi inahesabu. Hii bodi isilale wakati wa mvua. Iamshwe na kila mpinduko. Kumbuka, milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba.

Kituo hiki hakitabiri, na onyo la Idara likitolewa, lifuate. Kazi yake ni kumbukumbu. Kila mtaro wenu unapofurika, andika saa na milimita. Baada ya misimu kadhaa utajua ni mvua kiasi gani inayoujaza, na kwa muda gani. Siku kipimo kitakapokaribia hapo, utakuwa na la kuwaambia majirani kabla maji hayajabisha hodi.