Naitrojeni au Oksidi? Tahadhari kwa Wafasiri wa Matini za Magari

Mfasiri wa matini za ufundi wa magari aweza kuandika sentensi kama hii: "Injini huongezewa nguvu kwa kuchoma naitrojeni." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Kisayansi ni potofu, na fundi atakayeifuata aweza kuharibu injini. Makala haya yanakusudia kueleza jambo lenyewe, kisha kupendekeza istilahi zifaazo.

Kinachozungumzwa si naitrojeni, bali ni msombo wa atomi mbili za naitrojeni na moja ya oksijeni, ambao alama yake ni N₂O. Joseph Priestley aliitengeneza gesi hiyo mwaka 1772. Humphry Davy aliivuta yeye mwenyewe, akachapisha habari zake mwaka 1800. Huko ndiko lilikoanzia jina la "gesi ya kuchekesha". Mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, aliitumia kuondoa maumivu ya kung'olewa jino.

Je, gesi ya hospitali yaingiaje katika injini? Petroli haiungui pasipo oksijeni, na katika hewa ya kawaida oksijeni ni kiasi cha asilimia 21 tu ya ujazo. N₂O ikiingia katika silinda huvunjwa na joto, ikatoa sehemu mbili za naitrojeni na sehemu moja ya oksijeni, yaani theluthi nzima. Aidha, gesi hiyo hukaa mtungini ikiwa kioevu chini ya shinikizo. Itokapo hugeuka mvuke na kuipoza hewa iingiayo, na hewa iliyopoa huingia silindani kwa wingi zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, baadhi ya ndege za kivita za Ujerumani zilitumia mfumo huu, ulioitwa GM-1, kwa sababu juu sana angani hewa ni haba.

Yafaa ieleweke, basi, kwamba N₂O si fueli. Ni kioksidishaji, yaani kitu kitoacho oksijeni ya kuunguzia fueli. Kwa hiyo kila inapoongezwa, petroli nayo sharti iongezwe kwa kipimo chake. Isipoongezwa, joto hupanda kupita kiasi na pistoni huweza kuyeyuka. Mfasiri aandikaye "fueli ya naitrojeni" amemfundisha fundi kwamba mtungi watosha peke yake.

Majina yafuatayo yasichanganywe:

(a) Naitrojeni: gesi isiyosaidia mwako, ambayo hutumika pia kujazia matairi.

(b) Oksidi za naitrojeni: jina la jumla, ambalo katika habari za magari huhusu hasa NO na NO₂, gesi zitokazo katika bomba la moshi na kuchafua hewa.

(c) Nitro: neno la mitaani. Humaanisha N₂O, lakini pia nitromethani, ambayo ni fueli kweli katika baadhi ya magari ya mashindano. Lisitumike katika maandishi rasmi.

(d) Gesi ya kuchekesha: laweza kubaki katika mazungumzo. Lakini likiandikwa juu ya mtungi wa gari huwa kama mwaliko wa kuivuta gesi hiyo. Anayeivuta badala ya hewa aweza kufa kwa kukosa oksijeni. Na gesi ya magari mara nyingi hutiwa dioksidi ya salfa kidogo ili watu wasiivute.

Tunapendekeza "oksidi ya dinaitrojeni", pamoja na alama N₂O kila itajwapo mara ya kwanza. "Oksidi ya naitrojeni" pekee haitoshi, kwani oksidi hizo ni nyingi. Jina tulipendekezalo ni refu, na pengine mafundi watalifupisha watakavyo. Hata hivyo, katika kitabu cha mafunzo na katika lebo ya mtungi, urefu wa neno ni hasara ndogo kuliko injini iliyoungua. Wasomaji wenye neno bora zaidi wanakaribishwa kulileta lijadiliwe.