Kumtegemea Mwenyezi Mungu Wakati wa Uzito

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Ruaha Mbuyuni, nanyi nyote mnaotusikiliza: kutawakali tunakutaja kila siku, lakini wengi tunakudhania kuwa ni kukunja mikono. Dereva ateremkaye mlima Kitonga kwa breki asizozikagua, akasema amemtegemea Mungu, amehatarisha roho za watu. Mkulima wa vitunguu katika bonde hili kavu ana fiqhi zaidi: huchimba mfereji, akayaleta maji ya mto shambani, kisha huinua mikono kuomba.

Tazameni Badri, tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra (624). Waislamu walikuwa mia tatu na kitu, wakipokezana ngamia wapatao 70, na farasi wawili tu. Makureshi walikaribia 1,000. Mtume (S.A.W.) alikwisha ahidiwa nusura, hata hivyo alipeleka wapelelezi na akapanga safu. Al-Hubab bin al-Mundhir alimwuliza: mahali hapa tulipotua ni kwa wahyi, au ni rai ya vita? Alipojibiwa kuwa ni rai, alishauri wasogee hadi kisima kilicho karibu zaidi na adui, na shauri lake likafuatwa. Kisima kilipokwisha shikwa na safu kupangwa, Mtume aliomba kwa unyenyekevu mpaka shuka ikamwanguka mabegani, Abu Bakr akamrudishia.

Hapa kwetu nako, vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, watu wa kusini walikuwa na haki ya kughadhibika, maana walilimishwa pamba kwa nguvu. Ushujaa wao haukanushiki. Lakini wengi waliziendea bunduki za Wajerumani wakiitakidi kwamba maji ya dawa yatazigeuza risasi kuwa maji. Na hirizi iliyofungwa kwenye usukani leo, ina tofauti gani na maji yale?

Huenda mtu akauliza: nimechimba mfereji, nimeomba, mbona mto ulifurika ukachukua shamba langu? Ni swali la haki. Mwaka mmoja baada ya Badri, huko Uhud, Mtume alivaa deraya mbili, naye akajeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, na ami yake Hamza akauawa. Mungu hakuahidi kwamba kila siku itakuwa Badri. Kesho yake, majeraha yangali mabichi, aliwaita watu wale wale, wakatoka hadi Hamraul-Asad kuwafuata maadui. Walipotishwa kuwa wamekusanyiwa jeshi, imani yao ilizidi, wakasema Mwenyezi Mungu anawatosha. Habari hiyo imo katika Suratu Aali Imran, aya ya 173. Basi wewe uliyepoteza vitunguu, soma aya hiyo kabla hujarudi kuufukua mfereji.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, mimi nanyi.