Mkate wa Juzi Bado ni Chakula

Slesi ya mkate wa leo ukiikunja inapinda. Ya juzi inakatika. Wengi husema imekauka, na mara nyingi hutupwa. Lakini mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukifungiwa mahali maji yake hayawezi kutoka. Akaonyesha pia kwamba ukipashwa moto hadi nyuzi joto 60 hivi, hulainika tena. Ugumu, basi, haumaanishi tu kwamba maji yamepotea.

Siri imo kwenye wanga. Mkate unapookwa, chembe za wanga wa ngano hunywa maji, huvimba, na molekuli zake hulegea. Ukishapoa, molekuli hizo huanza kujipanga upya. Aina moja, amilosi, hujipanga ndani ya saa chache. Ndiyo maana mkate uliopoa hukatika vizuri kuliko wa moto. Aina ya pili, amilopektini, huchukua siku kadhaa kujijenga kuwa fuwele ndogo ngumu. Baridi ya friji huharakisha kazi hiyo, ilhali friza huisimamisha karibu kabisa. Kwa hiyo mkate unaotaka ubaki laini usiuweke kwenye friji.

Kwa mpishi, ugumu huo ni mtaji. Mkate mpya ukiloweshwa kwenye maziwa huvurugika ukawa uji. Wa juzi hunywa maziwa yale yale na bado vipande vyake vikabaki na umbo.

Chukua slesi sita za mkate wa juzi, zikate vipande, uzipange kwenye chombo kilichopakwa siagi. Tandaza nyama ya kusaga iliyokwisha kukaangwa kwa kitunguu, pilipili hoho na kotmiri. Piga mayai manne pamoja na vikombe viwili vya maziwa, chumvi na pilipili manga, kisha umimine juu. Acha nusu saa, maziwa yafike katikati ya kila kipande. Oka kwa nyuzi 180, dakika 40 hivi.

Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kidogo. Yai likichanganywa na maziwa, protini zake hutawanyika, na mchanganyiko huhitaji nyuzi 80 hivi ili ushikane. Joto likizidi sana hapo, protini hukazana na kukamua maji: utaona mabonge, na majimaji yamejaa chini ya chombo. Choma kisu katikati. Kikitoka bila maziwa mabichi, epua.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito na kupalia makaa, kama wapikavyo mkate wa kumimina pwani: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Moto mdogo wa chini hulinda mayai. Ule wa juu huipandisha sehemu ya juu ya chakula kupita nyuzi 140, ambapo protini na sukari hukutana kwa kasi na kutoa rangi ya kahawia na harufu ya kuokwa. Mfaransa mwingine, Louis-Camille Maillard, aliueleza mmenyuko huo mwaka 1912. Ndani, maji yaliyobaki huzuia joto lisipite nyuzi 100, ndiyo maana katikati hubaki laini.

Mkate wenye ukungu usiingie kwenye hesabu hii. Nyuzi za kuvu hupenya ndani kabla doa halijaonekana, na baadhi ya sumu zake haziharibiwi na moto wa jikoni. Utupe wote.

Lakini ule ulio mgumu tu, usio na doa wala harufu mbaya, hauna kosa. Ngano nyingi inayoliwa Kenya na Tanzania huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Ikasagwa, ikakandwa, ikaokwa kwa moto wa gharama. Mayai manne na maziwa kidogo yanatosha kuirudisha mezani ikiwa mlo wa jioni wa familia nzima.