OVAROLI YA FUNDI: FUNZO KUTOKA KATWE

Mwezi huu tunaongea juu ya vazi moja ambalo wengi wetu tunalidharau: ovaroli. Hasa ile yenye mikanda miwili ya mabegani na kipande cha kufunika kifua, ambayo wenzetu wa Kongo wanaiita salopeti.

Najua kuna mzazi atauliza: mwalimu, sisi tunahangaika na chakula na ada ya shule, wewe unatuletea habari ya nguo? Ngoja kidogo, mzazi. Kila mwaka vijana wetu wakimaliza masomo, au wakiyaacha njiani, wanapanda basi kwenda Kampala kutafuta kazi ya mikono. Wengi wanaishia Katwe. Wanafika na suruali ya kawaida, shati linaloning'inia na ndala mguuni, halafu wanawekwa mbele ya grenda inayozunguka au moto wa kuchomelea. Kijana akiungua au akikatwa kidole, atakayemuuguza ni wewe. Na akipoteza vifaa vya kazi, atakayepigiwa simu ni wewe pia. Kwa hiyo habari ya ovaroli ni habari ya familia nzima.

KATWE NI WAPI?

Katwe iko kusini ya katikati ya jiji, ukipita Clock Tower na kufuata upande wa barabara ya Entebbe. Iko jirani na Mengo, penye kasri la Kabaka wa Buganda. Watu wengi wa nje wanaijua kwa sababu ya sinema ya mwaka 2016, Queen of Katwe, iliyoeleza maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa huko aliyejulikana duniani kwa mchezo wa sataranji. Lakini Waganda wenyewe ukiwatajia Katwe, wanafikiria kwanza mafundi wa chuma.

Hapo wanatengeneza mageti, madirisha, sigiri, masufuria, mashine za bisi, mashine za kusaga nafaka na za kufyatua matofali. Chuma chakavu kinaingia asubuhi, jioni kinatoka kikiwa kitu cha kuuzwa. Mteja akileta mashine iliyotoka ng'ambo, fundi anaitazama, anapima, halafu anatengeneza nyingine inayofanana nayo. Kelele ni nyingi, nafasi ni ndogo, na mvua kubwa ikinyesha maji yanajaa mpaka ndani ya karakana.

Sasa fikiria kazi katika mahali kama hapo. Meza ya kuweka vifaa mara nyingi hakuna. Ukiweka futi chini, mtu anaikanyaga. Ukiweka spana pembeni, dakika tano baadaye imeondoka na miguu ambayo huijui. Huko fundi anajifunza mapema kwamba kifaa kilicho mwilini mwake ndicho kifaa chake. Ndiyo maana mifuko ya nguo si urembo.

ILITOKA WAPI NGUO HII?

Tueleze historia kidogo, maana watoto wetu darasani wanapenda kuuliza.

Huko Marekani kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Jacob Davis. Alizaliwa Riga, mji ulio leo katika nchi ya Latvia, akahamia Marekani akitafuta maisha. Alipokuwa akishona katika mji wa Reno, mama mmoja alimwomba amtengenezee mumewe suruali isiyochanika, kwa sababu mume alikuwa mtu wa kazi nzito. Davis akafikiri: suruali ya mfanyakazi huanza kuchanika wapi? Kwenye pembe za mifuko, kwa sababu ya uzito wa vitu. Akapigilia hapo vipini vidogo vya shaba, vile tunavyoita ribiti. Suruali ikadumu, wateja wakaongezeka.

Davis hakuwa na uwezo wa kuisimamia biashara hiyo peke yake. Akamwandikia barua mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss, ambaye naye alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Ujerumani. Tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hati ya ubunifu wao. Mwaka 1889, katika mji wa Detroit, Hamilton Carhartt akaanza kushona ovaroli kwa ajili ya wafanyakazi wa reli.

Mnaona? Ribiti ile tunayoiona leo kwenye pembe ya mfuko wa jinzi ilitokana na wahamiaji wawili waliofika nchi ya watu wakiwa na ufundi wao. Tusijidharau.

KWA NINI MIKANDA YA MABEGANI?

Ukibeba nyundo, plaizi, spana mbili na misumari kwenye suruali ya kawaida, suruali inateremka. Unakaza mshipi. Ukikaza sana, tumbo linauma ukiinama. Ukilegeza, kila baada ya dakika mbili unavuta suruali juu, na mkono unaovuta suruali haufanyi kazi. Ovaroli ya mikanda inahamisha uzito huo kutoka kiunoni kwenda mabegani. Kiuno kinabaki huru, na ukiinama mgongo haubaki wazi.

Faida nyingine ni joto. Ovaroli ya mikono mirefu inafunika mwili wote, lakini jua la saa nane mchana unajisikia umo ndani ya chungu. Ile ya mikanda iko wazi ubavuni na mgongoni, hewa inapita. Inamfaa seremala, mjenzi, fundi bomba, mpaka rangi na fundi magari. Kwa mtu wa kuchomelea iko shida, tutaifikia.

MFUKO UPI UBEBE NINI?

Hapa ndipo vijana wengi wanakosea. Wanajaza kila kitu kila mahali mpaka wanatembea kama gunia la viazi. Sheria ni moja: mwilini beba vile unavyovishika kila wakati. Vingine viache kwenye boksi au mfuko wenye kufuli. Tazama mpango huu:

Kifuani: penseli, kidaftari cha vipimo na simu. Mfuko wa simu uwe na kifungo au zipu. Usiweke kifaa chenye ncha hapa, kwa sababu ukiinama au ukianguka kitakuchoma kifua au shingo.

Mifuko ya mbele, chini ya kiuno: vitu laini tu, kama kitambaa cha kufutia jasho. Ukichuchumaa na bisibisi katika mfuko huo, utajuta.

Pajani, upande wa mkono unaoutumia: mfuko mrefu na mwembamba wa futi, rula ya chuma au plaizi. Mkono ukishuka wenyewe unakuta kifaa. Hata bila kutazama unakijua.

Kitanzi cha nyundo: kiwe ubavuni, nyuma kidogo ya mshono, ili mpini usikugonge goti ukitembea.

Mfuko wa nyuma: usiweke kitu kigumu. Utakaa juu yake, au utapanda boda boda ukiwa nacho.

Gawanya uzito kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa mzito siku nzima, jioni bega na mgongo vitakudai. Na misumari usiichanganye na betri mfukoni, kwa sababu chuma kikigusa ncha zote mbili za betri, inapata moto.

Jambo la mwisho hapa ni la kuchekesha lakini ni la kweli. Ukienda chooni, kwanza toa vitu vyote vya kifuani. Ukifungua mikanda, kile kipande cha kifua kinapinduka mbele, na simu inaingia shimoni. Hakuna fundi wa kuitoa huko.

WENYE KUFANYA KAZI NA MOTO, SIKILIZENI

Cheche za kuchomelea zinapenda mahali pa kutulia. Mfuko uliofunguka ni nyumba yake. Suruali iliyokunjwa chini ni nyumba yake. Kwa hiyo mifuko ya mtu wa kuchomelea iwe na vifuniko, na miguu ya suruali isikunjwe. Ishonwe urefu wake sawasawa na ifunike sehemu ya juu ya viatu.

Kitambaa kiwe pamba nzito. Nailoni na polista haviungui kama pamba. Vinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Kabla ya kununua, omba uzi mmoja uuchome pembeni. Pamba inatoa harufu ya karatasi iliyoungua na kubaki jivu. Ukiona uzi unajikunja kuwa kidonge kigumu, si wa kazi ya moto.

Ovaroli ya mikanda haifuniki mikono. Mwanga wa kuchomelea unaunguza ngozi kama jua kali, hata usipoguswa na cheche. Ndani yake vaa shati la pamba la mikono mirefu, lililofungwa vifungo vyote, au tumia ovaroli kamili. Kioo cha uso na glovu za ngozi ni lazima; miwani ya jua ya barabarani haizuii mwanga ule.

Usiweke kiberiti cha gesi mfukoni. Cheche moja ikikitoboa, kinalipuka pajani kwako. Na kwenye grenda au drili, mkanda wa ovaroli usining'inie. Wapo vijana wanaofungua mkanda mmoja kwa kujionyesha. Mashine ikiushika, inakuvuta wewe.

DADA ZETU

Wasichana nao wanajifunza kuchomelea, kupaka rangi na kutengeneza magari, na tunawapongeza. Lakini ovaroli nyingi zinashonwa kwa mwili wa mwanaume: mabega mapana, nyonga nyembamba. Dada akivaa kubwa, kitambaa kinalegea na kushikwa na mashine. Akivaa ndogo, hawezi kuchuchumaa. Dawa ni mikanda inayorefushwa na kufupishwa, na vifungo vitatu vitatu ubavuni. Fundi cherehani wa hapa hapa kambini anaweza kuirekebisha.

KUNUNUA AU KUSHONA?

Si mbali na Katwe liko soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St Balikuddembe. Huko kuna mivumba, yaani mitumba, na ndani ya marobota hutokea ovaroli nzuri za viwandani kutoka ng'ambo. Ukiikuta, usitazame rangi kwanza. Vuta mshono wa katikati ya miguu kwa nguvu. Tazama magoti yakiwa yameelekezwa kwenye mwanga, kama kitambaa kimekonda. Funga na kufungua vishikizo vya mikanda mara kadhaa. Halafu chuchumaa nayo, nyoosha mikono juu. Ikikubana hapo, iache.

Njia ya pili ni kushona. Kaki nzito na drili zinapatikana madukani mjini, na Uganda ina kiwanda cha nguo cha siku nyingi pale Jinja, Nytil. Mafundi wetu wa cherehani wanajua kushona sare za shule. Ovaroli si mlima kwao. Wazingatie mambo matatu: mshono uwe wa mistari miwili, pembe za mifuko zikazwe kwa uzi wa kurudia au ribiti, na magoti yawekwe kitambaa cha pili. Kikundi cha akina mama kikishona kwa ajili ya vijana wanaosafiri, hela inabaki kwetu.

OVAROLI IKIRUDI NYUMBANI

Hili ni la wazazi wenye watoto wadogo. Vumbi la karakana lina rangi za zamani, mafuta na madini ya risasi, hasa kwa wanaofungua betri za magari. Ni madini yale yale yanayotengenezewa risasi za bunduki. Yakiingia mwilini mwa mtoto yanaharibu ubongo wake polepole, bila kelele. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo baba akirudi, asimkumbatie mtoto akiwa ndani ya ovaroli. Aivue nje au mlangoni, anawe mikono na uso, ndipo ambebe mwanawe. Ovaroli ifuliwe peke yake, isichanganywe na nepi wala mashuka. Iliyolowa mafuta au petroli isivaliwe tena kabla ya kufuliwa, maana inashika moto upesi.

HAKI YAKO

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Na sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kinga bila kumlipisha. Tunajua karakana ndogo nyingi hazifanyi hivyo, na kijana mgeni anaogopa kuuliza asije akafukuzwa. Aulize kwa heshima, siku ya kwanza, kabla hajashika kifaa. Akikosa, basi ovaroli yake mwenyewe imlinde.

Wazazi, mtoto akiaga kwenda Kampala tunamfungia nguo za kuendea kanisani au msikitini, na nauli. Tumfungie na ovaroli moja imara.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
1. Katika familia yetu nani anafanya kazi ya mikono, na anabeba vifaa vyake vipi?
2. Nguo zake za kazi tunazifua wapi, na pamoja na nini?
3. Choma uzi wa nguo yake moja ya kazi, mtu mzima akiwepo. Ni pamba au siyo?